Mwaka wa Kamba ya Mkonge

Ukienda matangani Sagalla huendi mikono mitupu, na unachobeba si maua bali maji. Niliambiwa hivyo na Wakesho, binti ya rafiki yangu Mghoi, katika simu ile ile aliyonipa nayo habari ya msiba. "Anti, Mama ametuacha," alisema, kisha akaendelea kama mtu aliyesharudia maneno hayo kwa wengi asubuhi hiyo. "Tunazika Jumamosi. Ukiweza kuja, njoo na maji, hata mtungi mdogo. Huku kumekauka kabisa." Basi nikashuka kwenye treni pale Voi siku ya Ijumaa, nikalala kwenye chumba cha wageni karibu na soko, na usiku huo huo mvua waliyoisubiri kwa miezi ikaamua kunyesha. Asubuhi nilinunua jerikeni ya njano nikaijaza hata hivyo, maana nilikuwa nimeambiwa, nikapanda nayo bodaboda kuelekea mlimani, matope yakiruka hadi magotini. Mwendeshaji aliniangalia kwenye kioo chake, akaona msuko wangu mrefu wa mvi na suruali yangu pana ya Kipunjabi, akauliza, "Mama, wewe ni wa kanisa ama ni wa mradi wa maji?" Nikamwambia mimi ni wa hapa. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayekubali mzaha wa mgeni.

Pale nyumbani kwa Mghoi jerikeni zilikuwa zimepangwa ukutani kila rangi, na wanawake walikuwa wakizitazama na kucheka kwa uchungu, maana kila mahali palikuwa na madimbwi. Hakuna aliyemwaga ya kwake. Nilipewa kiti mbele chini ya turubai, kiti cha plastiki chenye mkono mmoja uliovunjika, na mshereheshaji akashika kipaza sauti kabla sijaketi vizuri. "Tuko na mgeni wa heshima," akasema. "Huyu mama mnayemuona ndiye mwanamke wa kwanza Mhindi kuiwakilisha Kenya katika mbio fupi. Wa kwanza kabisa! Mpigieni makofi. Alisoma na marehemu, na baadaye atatuambia neno." Makofi yakapigwa. Nimeitwa wa kwanza kwa muda mrefu hata neno lenyewe limechakaa. Wa kwanza kuvaa rangi za taifa akiwa na msuko unaofika kiunoni, wa kwanza kufundisha wasichana wa shule za Wahindi kukimbia bila kuona haya, wa kwanza hivi, wa kwanza vile. Katika miaka yote hiyo sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza wa pili alikuwa nani. Wa pili alikuwa ndani ya jeneza lile, lililofunikwa kitambaa cheupe chenye lesi, mita chache kutoka miguuni pangu, nami sikujua kabisa ningesema nini juu yake.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa kidato cha nne, mwaka wa mwisho wa sisi kukaa Voi. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba la mkonge, ambako baba yangu, tuliyemwita Bhapaji, alikuwa fundi wa mashine ya kuchambua mkonge. Dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa kuanikia nyuzi, safu baada ya safu za waya zilizoning'inizwa nywele nyeupe za mkonge, na nyuma yake mlima wa Sagalla. Harufu ya majani yaliyosagwa iliingia kwenye unga, kwenye maziwa, kwenye shuka. Wageni walikunja pua. Sisi hatukuisikia mpaka tulipohama, ndipo nikaitamani. Jikoni humo ndimo mama, yaani Biji, alimotawala. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, labda "kula", "ongeza" na "nyamaza", na siku za Jumamosi aliyatumia yote kwa Mghoi.

Mghoi alikuja kwetu Jumamosi baada ya mazoezi kwa sababu njia ya kupanda kwao Sagalla ilikuwa ndefu na njaa ilikuwa kali. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala chapati za Biji zilizopakwa samli, na dengu, na kila alipojaribu kusema ameshiba aliambiwa "nyamaza" kisha "ongeza". Naye hakuja mkono mtupu. Mama yake alimfungia kimanga kwenye kitambaa, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja, na Biji, aliyekitazama mara ya kwanza kama dawa ya ng'ombe, alifikia mahali pa kukila kwa achari ya ndimu na kuuliza siku za katikati ya wiki kama "ile ya Mghoi" imebaki. Nawaambia haya kwa sababu watu wakisikia habari ya mwaka ule hudhani hatukujuana. Tulijuana vizuri sana, na hilo ndilo lililouma.

Jumamosi moja mvua ilitushtukiza tukiwa mezani. Tulitoka mbio sote watatu kuokoa nguo, na nilipokuwa nikivuta shuka nilimwona Mghoi akiiacha kwanza nguo na kwenda kwenye nguzo kulegeza fundo la kamba. "Wewe, nguo zinalowa!" nikapiga kelele. "Kamba nayo inalowa," akanijibu, mvua ikimtiririka usoni. "Ikilowa inajikaza, itawang'olea nguzo. Kwani nyinyi hamjui?" Tulijua. Kila mwanamke wa Voi aliyeanika nguo kwa kamba ya mkonge alijua: mvua ikija unalegeza, jua likirudi unakaza. Hata Biji alijua, alikuwa tu amesahau siku hiyo. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu, wala mimi sikudhani ningelikumbuka mpaka uzeeni.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Kioko, Mkamba mrefu aliyefundisha historia na kuota riadha. Yeye ndiye aliyekuja nyumbani kumwambia Bhapaji kwamba binti yake ana miguu, na Bhapaji, mtu asiyezungumza sana, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele kisha akamletea chai. Kaptura haikuleta vita nyumbani kama watu wanavyopenda kusimulia. Biji aliishona mwenyewe, pana na ndefu kama sketi, akanipa niikimbilie. Tatizo lilikuwa msuko. Sisi ni Masingasinga, Makalasinga kama walivyotuita Voi; nywele zetu hatuzikati, na msuko wangu ulinichapa mgongoni kama mjeledi kila nilipoongeza kasi. Mghoi ndiye aliyepata dawa. Kabla ya kila mbio alisimama nyuma yangu, akauzungusha msuko mara mbili, akaudidimiza ndani ya fulana na kuipigia fundo kiunoni, kisha akanipiga kofi dogo begani: "Haya, mzigo umefungwa." Uwanjani tulikuwa sawa kabisa. Leo yeye, kesho mimi, na mara nyingi hata Mwalimu hakujua ni nani aliyetangulia kifua.

Mwaka ule wilaya ilipewa nafasi moja tu ya msichana wa mita mia katika mashindano ya mkoa kule Mombasa. Nafasi moja. Waliofanya vizuri Mombasa walipelekwa Nairobi, na waliofanya vizuri Nairobi walichukuliwa kazi, polisi au magereza, wakavaa sare na kulipwa kwa kukimbia. Kwa Mghoi huo ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi, na aliusema wazi bila haya: "Mimi sirudi kuchota maji." Kwangu mlango ulikuwa mwingine. Nilijua nikimaliza shule ningepelekwa kwa shangazi yangu Kisumu kujifunza cherehani na kusubiri mchumba, na kwamba mbio ndizo sababu pekee ambayo Bhapaji angeikubali ya kunibakiza. Tulizungumza juu ya nafasi ile tukiwa tumekaa kwenye majani, miguu imenyooshwa. Tulikubaliana mwenye kuipata aichukue na mwingine asinune. Ni rahisi kukubaliana mkiwa mmeshiba.

Jumamosi ya mchujo mimi sikuwepo. Familia yetu ilikuwa na sala kwenye hekalu letu la Makindu, na Bhapaji hakuwa mtu wa kukosa sala kwa sababu ya mchezo. Mghoi na wengine walikimbia bila mimi, uwanja ukiwa mkavu, mistari imechorwa kwa majivu, na Mghoi akawaacha wote nyuma kwa muda ambao Mwalimu aliuandika kwa furaha ubaoni. Nilipewa nafasi yangu Jumatatu, nikimbie peke yangu dhidi ya ule muda. Lakini Jumapili ilinyesha. Mvua ilifuta majivu yote, na ile kamba ya kupimia, kamba ya mkonge ambayo Bhapaji aliisokota mwenyewe kiwandani akaipa shule, ilikuwa imesahauliwa nje karibu na stoo, imelala kwenye maji. Mwalimu aliikamua kidogo, akaivuta, akapima uwanja upya kwa haraka kabla ya kengele. Safari hii, amechoshwa na majivu, aliuchora mstari wa kumalizia kwa oili chafu ambayo Bhapaji alikuwa amempa kwenye debe. "Huu hautafutwa na mvua," akasema kwa kuridhika. Na kweli haukufutwa.

Mghoi alinifunga msuko. Nikakimbia. Najua mbio nzuri inavyokaa mwilini, na ile ilikuwa nzuri, hilo sitamwachia mtu yeyote. Lakini nakumbuka pia kwamba mstari ulikuja mapema, kama ngazi ya mwisho gizani ambayo mguu haukuitegemea, na nikadhani huo ndio wepesi wanaousema. Mwalimu Kioko aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Nilikuwa nimepita muda wa Mghoi, si kwa kidogo. Jina langu likaenda wilayani siku hiyo hiyo. Mghoi alinikumbatia, jasho kwa jasho, akasema, "Nenda ukawanyooshe watu wa Mombasa," na macho yake yalikuwa mekundu lakini hakununa. Alikuwa ametimiza ahadi yetu. Nyumbani Biji alipika mchicha kwa siagi kama sikukuu, na Bhapaji akala bila kusema neno, ila alijimwagia chai kwenye kisahani na kuinywa kwa sauti, jambo alilofanya akiwa na furaha tu.

Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa siku ya michezo ya shule. Jua lilikuwa limewaka kutwa kwa siku kadhaa, vumbi jekundu limerudi mahali pake, na wazazi walikuwa wamejaa kando ya uwanja: wafanyabiashara wa mjini waliotoka bara, wakulima kutoka milimani, mama yake Mghoi akiwa amekalia kanga yake, kapu la ndizi kando. Bhapaji alikuja akiwa na kilemba cha buluu alichokitunza kwa shughuli maalumu. Mwalimu Kioko alileta kamba kupima mistari ya majivu. Wanafunzi wawili wakaivuta kutoka mwanzo, wakafika kwenye mstari wa oili, na kamba ikaendelea. Ikaupita mstari kwa hatua kadhaa, imelala kwenye majani mbele ya macho ya kila mtu. Mwalimu aliwaambia waivute upya. Wakaivuta, ikaupita tena. Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, akasema kwa sauti ya kusikika mbali, "Si hapo ndipo yule msichana wa Kalasinga alikimbia Jumatatu? Alikimbia nusu!" Mwingine akauliza kamba ni ya nani, oili imetoka wapi. Akajibiwa. "Aa!" akasema, akihesabu kwenye vidole kana kwamba anauza nyanya. "Kamba yake, oili yake, mtoto wake!"

Bhapaji alitembea mpaka katikati ya uwanja. Sijawahi kumwona mtu akitembea polepole vile. Aliinama, akaishika kamba kwa vidole vyake vya fundi, akasema, "Hii kamba Jumapili iko lowa. Mkonge ikilowa napungua. Ikikauka narudi." Alisema kweli, na alisema kwa Kiswahili alichokuwa nacho. Mtu akamwigiza, "Nalowa, napungua, narudi!" na kicheko kikapita uwanjani kutoka upande hadi upande. Mpaka leo kicheko kile kinanipandisha damu. Hawakucheka kwa sababu hawakumwelewa. Walikuwepo pale wanawake ambao asubuhi hiyo walikaza kamba zao za nguo kwa kuwa jua lilikuwa limewaka. Walikuwepo wanaume waliofunga mizigo kwa mkonge maisha yao yote. Walijua wote. Jambo lililokuwa mikononi mwao kila siku waliamua kutolijua kwa saa moja, kwa kuwa kulijua kungemfanya Kalasinga kuwa mkweli. Nilimtafuta Mghoi kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya mama yake. Yeye ndiye aliyelegeza kamba yetu kwenye mvua, yeye ndiye aliyetuuliza kwani hatujui, na neno lake moja, neno la msichana aliyenyimwa nafasi, lingefunga midomo yote. Alinitazama. Kisha akainamisha kichwa akatazama miguu yake.

Jioni ile nilikaa chumbani nyuma ya pazia, nikiwasikia wazazi wangu jikoni. Hapakuwa na harufu ya chakula. Biji alisema kwa Kipunjabi, "Mwache aache. Mtoto akae nyumbani, mambo yapoe." Bhapaji akajibu, "Akiacha watasema ni kweli." Kijiko kikagonga sufuria. "Na akikimbia tena akashindwa?" "Watasema ni kweli." "Na akishinda?" Nilimsikia Bhapaji akivuta kiti. "Akishinda," alisema hatimaye, "watakuwa hawana la kusema mbele yangu. Nyuma yangu watasema." Nilibana mto mdomoni. Tangu nizaliwe nilikuwa nikikimbia kwa sababu ilinifurahisha, kwa sababu ya upepo, kwa sababu ya Mghoi. Tangu jioni ile nilikuwa na baba mgongoni, na kama ningeshindwa angekuwa mwizi Voi nzima.

Mwalimu Kioko, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyeogopa wazazi, alitangaza mbio za marudio. Alipata tepu ya chuma kutoka kwa watu wa reli, uwanja ukapimwa wazi, wazazi wakisimamia kila kipande. Tungekimbia wawili, mimi na Mghoi, mwenye kushinda aende Mombasa. Watu walikuja wengi kuliko siku ya michezo. Bhapaji alisimama peke yake upande wa mbali, kilemba kile kile cha buluu, mikono nyuma. Biji hakuja. Nilivua sweta, nikasimama kwenye mstari wangu, na kwa mazoea nikangoja. Nikangoja mikono ishike msuko. Mghoi alikuwa kwenye mstari wake, ameinama tayari, anatazama mbele. Basi nikainama nami, na msuko ukalala begani wazi. Filimbi ikapulizwa. Msuko ulinichapa kuanzia hatua za kwanza hadi mwisho, nami nilikimbia nikiuchukia, nikimchukia, nikimpenda, nikisikia pumzi yake sikioni upande wa kushoto, kisha karibu, kisha nyuma. Nilishinda kwa mwili mzima. Hapakuwa na shaka, na hakuna aliyepiga makofi. Yule mwenye duka alisema, "Sawa, leo ameshinda. Lakini ile siku je?" Mghoi alivuka mstari, hakusimama, akaendelea kutembea hadi kwa mama yake, wakaondoka pamoja kuelekea mlimani bila kugeuka.

Nilikwenda Mombasa, nikaenda Nairobi, na mengine yameandikwa na watu wanaopenda neno "wa kwanza". Waandishi waliniuliza kama baba alinizuia, kama dini ilinizuia, kama nywele zilinizuia. Walikuwa na hadithi yao tayari, walinitaka niitie sahihi tu. Sikuwahi kuwaambia kwamba baba hakunizuia, alisimama peke yake kwenye jua. Mwisho wa mwaka ule tulihama. Bhapaji alisema amepata kazi bora kwenye kiwanda cha Thika, na labda ilikuwa bora, lakini niliona alivyoikunja ile kamba aliyorudishiwa na shule, akaitia kwenye tanuri la kiwanda siku yake ya mwisho kazini, akangoja mpaka ikaisha. Hakuwahi kurudi Voi hata kupita.

Mghoi nilikutana naye tena tukiwa watu wazima, na tukakutana mara nyingi. Hakupata kazi ya sare. Aliolewa hapo hapo Sagalla, akalima, akachota maji, akalea. Nilipokuja na wasichana wangu wa mazoezi alituchinjia kuku. Nilimtumia picha za wajukuu, akanitumia za mbuzi. Tulicheka sana, na tulizungumza juu ya kila kitu isipokuwa kamba. Mimi ni mtu wa kinyongo, nakubali. Kila nilipomuaga nilijiambia safari ijayo nitamuuliza mbona ulinyamaza. Nilitaka aitamke tu, ile sentensi fupi, kwamba kamba ililowa. Nilitaka kuisikia kwa mdomo wake, hata kama Bhapaji alikuwa ameshakufa na haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti kibovu nikisikiliza kwaya, na mdomo ule ulikuwa umefungwa.

Mawingu yaliporudi mchungaji alifupisha ibada, mshereheshaji akasema neno langu litasubiri kaburini. Tukaandamana na jeneza hadi nyuma ya nyumba. Ardhi ya Sagalla ni mwamba juu ya mwamba, na wachimba kaburi hawachimbi hata inchi moja ya ziada. Kaburi lilikuwa limechongwa sawasawa na kipimo. Wakaliteremsha jeneza kidogo, likagoma. Wakalipandisha, wakaligeuza, likagoma tena: upande wa kichwa ulikaa juu ya ukingo wa jiwe. Wakesho akatoa sauti ambayo sitaisahau. Manung'uniko yakaanza. Mmoja wa wachimbaji, mwanamume wa makamo aliyelowa matope hadi mapajani, alinyanyua kipande cha kamba. "Tulipima na hii jana jioni, jeneza likiwa palepale kibarazani. Ikalala nje hapa usiku kucha. Leo alfajiri tumechimba nayo." Kaka wa marehemu akaichukua, akainyoosha juu ya kifuniko cha jeneza. Haikufika. "Nani ameikata?" akauliza. "Mbona unaniangalia mimi?" akasema mchimbaji. "Wewe ndiye uliyekuja nayo." "Kwa hivyo nimwonee marehemu? Kwa faida gani?" Sauti zikapanda, watu wakaanza kusogea upande huu na ule, na nikamwona yule mwanamume akitazama kila uso mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kumtetea.

Nilijikuta nimesimama. Ilikuwa kamba ya mkonge, bila shaka. Niliijua rangi yake kutoka nilipokuwa. "Hakuna aliyeikata," nikasema, na sauti yangu, iliyozoea kuita wasichana kutoka upande wa pili wa uwanja, ikafika kwa wote. "Usiku imenyesha. Kamba imelowa. Mkonge ukilowa unapungua, ukikauka unarudi. Na nyinyi nyote mnajua." Watu wakageuka kunitazama. Kisha bibi mmoja akasema nyuma, kwa utulivu kabisa, "Ni kweli. Ni mvua tu." Mwingine akasema, "Hata yangu ya nguo leo imenishinda kufungua." Yule kaka akaitazama kamba, akaikamua, matone yakadondoka. Akamshika mchimbaji bega, akaingia mwenyewe shimoni na mtaimbo.

Tukangoja, sauti ya chuma juu ya jiwe ikiendelea. Wakesho alikuja akakaa karibu nami kwenye ukingo wa ukuta, macho yamevimba. "Anti, unajua Mama hakutaka kamba ya mkonge hapa kwake? Hata ya kufungia mbuzi. Nguo tunaanika kwa waya, zinashika kutu, tunagombana naye, hasikii." Nikauliza kama aliwahi kusema kwa nini. "Nilimuuliza siku moja. Akasema zamani kuna siku kamba ilimtaka aseme neno moja tu, akanyamaza. Nikamuuliza neno gani, akainuka akaenda kukoroga sufuria. Mimi nilidhani ni mambo ya uzee." Nilitaka kukasirika. Alimwambia mwanawe, hakuniambia mimi. Alikaa miaka yote na waya wenye kutu badala ya kunipigia simu dakika moja. Lakini hasira haikuja. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, mimi ambaye sikulia siku ile uwanjani, na Wakesho akadhani ni kwa ajili ya kifo, akanishika. Msuko wangu ulikuwa umeanguka mbele ukiburuza kwenye matope. Akauokota, akaufuta kwa leso yake, akauingiza nyuma ndani ya sweta langu.

Jeneza likashuka safari hii bila kugusa jiwe. Tulipokwisha kufukia, jerikeni zililetwa, tukanawishana mikono kwa maji tuliyopanda nayo. Ya kwangu iliwanawisha Wakesho na yule mchimbaji. Mshereheshaji akanijia na kipaza sauti chake, amelowa, akiomba radhi kwamba ratiba ilivurugika. "Mama, bado tuko na deni lako. Ulikuwa useme neno kuhusu marehemu." Nikamrudishia kipaza sauti mkononi. Nikamwambia nimeshalisema.